Nilivyopuliza Pembe la Msaragambo kwa Ajili ya Fungu la Walipakodi

Jamani, leo nimedhalilika. Tena asubuhi kweupe, nikiwa nimevaa tai.

Niseme kabisa nilichokuwa nimekiamini, ili mnicheke mara moja mmalize. Niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili yangu yote iliyopitia masomo ya jioni, kwamba serikali imetenga fungu la kuamsha uchumi. Kwamba kila mlipakodi anastahili, na kila aliyewahi kuvaa sare ya jeshi anastahili. Kwamba pesa inaingia yenyewe. Huombi, hupangi foleni, na wala huhitaji kumjua mtu! (Hapo pa kutomjua mtu ndipo nilipaswa kushtuka. Sikushtuka. Nilisema: hatimaye!)

Na msidhani habari yenyewe niliiokota kijiweni. Niliisoma. Kwa Kiingereza! Mpwa wangu Ombeni, anayelima mpunga kule Ndungu, alinirushia ukurasa kwenye simu akaniambia, "Mjomba, wewe ndiye msomi wa ukoo, hebu nisomee hii inasemaje." Ukimwambia mtu aliyemaliza shule na ndevu zake kwamba ndiye msomi wa ukoo, umemmaliza. Nikavaa miwani. (Ni ya jua, lakini nikiivaa naelewa zaidi.) Nikasoma. Serikali. Walipakodi. Wanajeshi wa zamani. Malipo. Kila neno nililijua! Nilipokutana na maneno nisiyoyajua, niliyaruka kwa heshima. Nikamjibu Ombeni: "Mpwa, tumepona."

Sasa mnielewe kwa nini niling'ang'ania jambo lile kama kupe. Mke wangu, Mama Upendo, ana shamba la tangawizi chini ya ndiva. Ndiva, kwa ninyi mlioko Dar mnaofungua bomba, ni bwawa letu la huku milimani. Maji ya kijito yanajikusanya humo, kisha tunazibua, yanateremka kwa mfereji mpaka mashambani. Shamba letu ndilo la kwanza kabisa, maji yakitoka yanatusalimia sisi kabla ya watu wote. Na tangawizi ile ni ya Mama Upendo mwenyewe. Mbegu aliibeba kichwani kutoka kwa mama yake. Matuta kayainua yeye. (Mimi nilishiriki kwa ushauri.)

Mvua za masika zikaangusha kipande cha mlima, kikaja kulala juu ya mfereji kama ng'ombe aliyegoma. Tangu hapo ndiva imejaa mpaka mdomoni, na huku chini tangawizi inakauka. Unayaona maji, huyapati! Majani yameanza kuwa ya njano kwenye ncha. Mama Upendo amekuwa akichota maji kwa ndoo kwenye chemchemi na kumwagilia shina moja moja, mgongo umepinda, hasemi kitu. Mwanzoni mwa wiki akasema.

"Baba Upendo, wiki hii maji yasipofika, tangawizi hii tumeizika. Nenda kamwombe Baba Mkubwa apulize pembe, watu waje na majembe."

Mimi nikacheka kisomi. "Mke wangu, msaragambo ni mambo ya wazee. Fungu likitoka nakodi katapila kutoka Same. Mfereji unafukuliwa, wewe umekaa kwenye kiti na chai yako."

"Katapila litapita wapi? Hata pikipiki hapo juu tunaisukuma."

"Hayo yaachie wataalamu."

Akaniangalia. (Wenye ndoa mnaijua hiyo.) Akachukua ndoo yake, akaondoka.

Basi. Leo alfajiri nimeamka na wazo. Kama fungu linakuja kwa wanaostahili, si wanaostahili wajulikane mapema? Nikusanye kijiji, niwapange, walipakodi huku, wanajeshi kule. Wakubwa wakija wanakuta kila kitu kipo tayari. Watauliza, "Nani amefanya kazi hii nzuri?" Na mimi nitainamisha kichwa kwa unyenyekevu. (Unyenyekevu wenyewe niliufanyia mazoezi mbele ya kioo.) Nikavaa suti ya mahafali ya masomo ya jioni. Tai nyekundu. Viatu vile vyenye ncha ndefu, ambavyo vinafika mahali kabla yangu. Nikaenda kwa Baba Mkubwa.

Baba Mkubwa Eliamini ni watu wawili ndani ya koti moja. Kwanza, ni askari wa zamani kweli kweli. Alipigana vita vya Kagera, akarudi na redio na ukali. Redio iliharibika. Pili, ndiye mtunza pembe la msaragambo, lile pembe refu la tandala linaloning'inia ukutani kwake. Kwetu pembe lile likilia, kila kaya inatoa mtu na jembe. Huulizi kazi gani. Unaenda ndiva, kazi unaikuta huko. Usipoenda, unatozwa faini, na faini yenyewe inaambatana na maneno ya kukutosha mpaka Krismasi.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Mbona tai?"

Nikamweleza. Alikuwa anakunywa uji, anasikiliza kwa sikio moja. Nilipofika kwa wanajeshi wa zamani, kikombe kikasimama hewani.

"Wametukumbuka?"

"Wamewakumbuka, Baba Mkubwa."

"Imeandikwa?"

"Nimesoma kwa macho yangu haya."

Akaingia ndani. Nikasikia sanduku linaburutwa, vitu vinaanguka, kuku wanatoka mbio. Alipotoka alikuwa amevaa koti la kijeshi ambalo nondo walishakula kiwiko kimoja, kofia, na buti zimefungwa kwa kamba ya katani.

"Niulize namba yangu ya jeshi."

"Baba Mkubwa, namba yako ya jeshi?"

Akaimwaga yote kwa pumzi moja, akapiga saluti, kikombe kikaruka, uji ukaenda kwa mbwa. Jamani, nilikaribia kulia. Nikasema moyoni, huyu peke yake anatosha kuamsha uchumi.

Nikamwambia sasa kilichobaki ni kukusanya watu. Apulize pembe. Uso wake ukabadilika palepale.

"Pembe hili halijui mafungu. Linajua majembe. Watu wakija, kazi lazima iwepo. Utawapa kazi gani?"

"Tutawaambia leo ni neema tu, warudi na majembe yao safi."

"Tangu nizaliwe sijaona mtu anarudi na jembe safi baada ya pembe kulia."

"Basi leo utaona."

Akaniangalia mimi. Akaliangalia koti lake. Koti likashinda. Ila meno ya mbele Baba Mkubwa hana, pumzi inavuja pembeni. Akanikabidhi pembe, akageukia ukuta.

"Puliza wewe. Mimi sijaona."

Nikapuliza. Mara ya kwanza ilitoka sauti ya mbuzi mwenye mafua. Mara ya pili! Jamani, mara ya pili mlima ulitikisika. Nadhani hata kule Kwakoa ng'ombe waliacha kunywa maji wakatazamana.

Nilitegemea watu wachache watakaokuja kwa kujivutavuta. Nilipofika ndiva, kijiji kizima kilikuwa njiani! Majembe, sululu, mabeleshi, makarai. Vijana. Akina mama. Wazee ambao hata kanisani huwa tunawasomea kwenye orodha ya wagonjwa, nao wamekuja, wana mapanga. Sijawahi kuona mwitikio kama ule. Nikajisemea, pembe hili lina nguvu kuliko redio. (Nilipaswa kuogopa. Nilijivuna.)

Nikapanda juu ya jiwe. Nikafunga kifungo cha koti.

"Ndugu wananchi! Leo wekeni majembe chini. Leo siyo siku ya jasho. Leo ni siku ya neema!"

"Nani amekufa?" akauliza mtu kule nyuma.

(Tai tena! Huku kwetu tai ni ya harusi au msiba, na harusi wangekuwa wameshachangishwa.)

Nikawaeleza. Nikawaeleza jinsi uchumi unavyolala na jinsi unavyoamshwa. Nikapandisha sauti, nikaishusha, nikanyoosha kidole kuelekea Dodoma. (Baadaye nimegundua nilikuwa nanyoosha kuelekea Mombasa.) Nikamaliza kwa kuwapanga: "Walipakodi, mkono wangu wa kulia. Waliowahi kulitumikia jeshi, mkono wa kushoto!"

Baba Mkubwa akaenda kushoto, peke yake, akasimama mguu sawa. Kijiji chote kilichobaki kikaja kulia, mpaka nikahofia ukingo wa ndiva.

"Subirini! Mlipakodi ni mtu anayelipa kodi!"

"Mimi kila nikinunua umeme wananikata kodi ya jengo," akasema Mama Nanzia. Huyu ni mama mmoja jirani yetu, sauti yake haihitaji pembe. "Na jengo lenyewe lina ufa anapita kuku. Mimi siyo mlipakodi?"

"Ni mlipakodi, mama."

"Na mbuzi wangu je?" akadakia Elisante, fundi seremala. "Wamemtoboa sikio, wamemvika hereni ina namba ya serikali. Mimi mwenyewe sina namba nzuri vile. Mbuzi asimame upande gani?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikajibu bila kutetereka, "Suala la mbuzi tutalifikisha ngazi za juu."

Hapo Sumbuko akahama kutoka kulia, akaenda kusimama kushoto, kifua mbele. Sumbuko ni mtu wa Kigoma, alikuja zamani kukata mkonge kule mashamba ya tambarare, akaoa huku, akabaki. Baba Mkubwa akamkagua kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Wewe umetumikia jeshi gani?"

"Nimelinda ghala la mkonge, mzee. Na rungu. Adui hakuja, lakini angekuja angenikuta."

"Angekukuta umelala. Rudi kwa walipakodi."

Katikati ya vurugu hiyo akatokea Halima. Halima ndiye mtendaji wetu wa kijiji, binti wa Lembeni, hana muda mrefu huku juu, lakini ameshajifunza kwamba pembe likilia hata ofisi inafungwa. Alikuja anakimbia, gumbuti miguuni, sululu begani, anahema.

"Shikamooni wazee! Kazi gani leo? Mbona ofisi haina taarifa?"

Vidole vyote vikanielekea mimi. Hata wale niliowahesabu kuwa ndugu.

"Mheshimiwa Mtendaji," nikasema, "huu ni uandikishaji wa awali wa fungu la kuamsha uchumi."

"Fungu gani?"

"La walipakodi na wanajeshi wa zamani."

"Nani amekuletea taarifa hiyo?"

Nikanyoosha tai. "Nimesoma mwenyewe. Kwa Kiingereza."

Watu wakaguna kwa heshima. Halima hakuguna. Akanyoosha mkono. "Nione."

Nikatoa simu. Mtandao hakuna! Pale ndiva mtandao haushiki, kiduara kinazunguka tu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Halima akaichukua simu yangu, akaitia mfukoni kwake. "Nitaisoma tukishuka panaposhika. Ila ofisini kwangu halijafika neno lolote. Na taarifa ya namna hiyo ikifika inabandikwa ukutani, haiji imevaa tai."

Jamani! Kicheko kile mlikisikia huko mliko. Lakini mimi sikuangalia wanaocheka. Nilimwangalia Baba Mkubwa. Bado alikuwa mguu sawa, ila mkono ameushusha, anakishikashika kile kiwiko kilicholiwa na nondo.

Mama Nanzia akakata kicheko. "Sisi tunauliza hivi. Pembe limelia au halikulia?"

"Limelia," wakajibu.

"Basi kazi iko wapi? Nimeacha ng'ombe hajakamuliwa. Sirudi na jembe kavu kama mtu aliyekwenda kutembea." Akageuka, akanyoosha mpini kwenye ule udongo ulioziba mfereji. "Na hili nimekuwa nikijiuliza. Huu umelala hapa tangu masika. Mashamba yote chini yanakauka. Tumekaa tunasubiri pembe, tunasubiri pembe. Baba Mkubwa, kwa nini hukupuliza?"

Baba Mkubwa akasafisha koo. "Niliambiwa nisisumbue watu. Katapila linakuja."

"Nani alikwambia?"

Sasa hapa ndugu zangu. Mwanajeshi hasemi uongo. Akanyoosha mkono wake wote, taratibu, kama anayeonyesha shabaha, mpaka kidole kikaja kutua kwenye tai yangu. (Kweli nilimwambia, siku ile niliposoma ule ukurasa; katapila tu, fungu nilikuwa sijalitaja.)

Nikashuka kwenye jiwe. Hakuna aliyeniambia nishuke, miguu yenyewe iliona haifai kukaa juu. Kumbe kijiji kizima kimekaa na majembe yake nyuma ya mlango kinangoja pembe, na pembe linanisubiri mimi, na mimi nasubiri fungu. Na wakati wote huo Mama Upendo yuko kule chini na ndoo.

"Baba Mkubwa," nikasema, sauti ikiwa imepungua kidogo, "kazi ipo. Ni huo udongo."

Yule mzee! Mngemwona! Alikuwa amenywea kama soksi, ghafla akanyooka, koti likamkaa upya.

"Kikosi!" akanguruma. "Masululu mbele! Majembe katikati! Makarai nyuma! Huyu mwenye tai atangulie mbele ya masululu!"

Na kikosi kikatii. Alitembea juu ya ukingo, mikono nyuma, anasahihisha kila mtu. Sumbuko alipewa cheo papo hapo, akawa msimamizi wa makarai, na sijaona mtu akibeba udongo kwa fahari namna ile. Halima alikuwa anapiga sululu kama ana ugomvi na mlima. Akina mama wakaanzisha wimbo, na Mama Nanzia akaingiza humo ndani ubeti kuhusu mtu mmoja anayeamsha uchumi akiwa amevaa viatu vya ncha. (Ubeti ulikuwa mzuri. Tatizo ulirudiwa.)

Na niwaambie ukweli, kile kipande cha mlima nilichokuwa nakitafutia katapila kilikuwa ni udongo tu. Udongo ukikutana na kijiji kizima hauna ujanja. Kabla jua halijawa kali tulikuwa tumeshauona mfereji. Koti langu la mahafali lilikuwa na rangi ya mfereji. Suruali pia. Halima akasimama akajifuta jasho akasema, "Hii kona ikijengwa kwa saruji haitaporomoka tena. Na wananchi mkishaanza wenyewe hivi, hapo mimi nina la kuandika halmashauri. Naanza kuifuatilia hiyo saruji kesho." Watu wakampigia makofi. Nami nikapiga, kwa adabu, kutoka ndani ya shimo.

Ikabaki kuzibua ndiva.

Sasa kizibo cha ndiva yetu ni kigogo kilichokandikwa udongo na magome ya mgomba, kinaziba tundu lililoko chini ya ukuta. Kikikaa siku nyingi bila kuzibuliwa, kinaganda kama jino la gego. Mtu lazima ashuke mdomoni mwa mfereji akivute kwa kamba.

"Nani azibue?" akauliza Baba Mkubwa.

Hawakuhitaji kikao.

Nikashuka. Baba Mkubwa akanipigia kelele kutoka juu, "Simama pembeni! Vuta ukiwa pembeni!" Lakini mimi ni mtu niliyesoma. Masomo ya jioni tulifundishwa habari za nguvu na mwelekeo wake. Ukitaka kuvuta kitu, kivute kwa mstari ulionyooka! Nikasimama mbele ya tundu, katikati kabisa ya mfereji, nikaizungushia kamba mkononi, nikaegemea nyuma.

Kizibo hakikutikisika. Nikavuta tena. Hakikutikisika. Nikamtazama Halima nikasema, "Naona hiki kinahitaji..."

Sikumaliza.

Wapendwa, kizibo kilitoka! Na nyuma ya kizibo, masika yote! Maji ya ndiva iliyojaa mpaka mdomoni yalinipiga kifuani, yakaninyanyua, yakanikalisha, yakaondoka na mimi. Mfereji ule umechimbwa kwa ajili ya maji na siyo kwa ajili ya mtu wa umri wangu, lakini siku ya leo tulipita wote. Niliteremka kwa makalio. Mfereji una kona nyingi, na sikuikosa hata moja. Tai ilikuwa mdomoni. Nilimpita Elisante ameduwaa. Nilimpita Mama Nanzia, akanipungia mkono! Mahali fulani kiatu changu cha kushoto kilinipita mimi, kinakwenda zake kwa kasi, hata hakikugeuka. Juu kule nikasikia Baba Mkubwa anatoa amri ambayo sijawahi kuisikia katika jeshi lolote: "Mwacheni afike!"

Nikafika.

Mfereji unamwaga maji kwenye kichwa cha shamba letu, na ukanimwaga na mimi. Nikatua kwenye tuta, nimekaa, miguu mbele, gome la mgomba begani. Mbele yangu amesimama Mama Upendo, ndoo mkononi.

Akaniangalia mimi. Akayaangalia maji. Akaniangalia tena.

"Ndiyo fungu lenyewe limefika?"

Jamani, nilikuwa na tope mdomoni. Yeye hata hakunisubiri, aliitupa ndoo, akachukua jembe akaanza kuyafungulia maji njia, tuta hili, tuta lile, maji yanaingia yanakoroma, udongo unayanywa kama mtoto aliyetoka kucheza. Nikataka kuinuka kwa heshima. Akanisukuma bega kwa mpini.

"Sogea, unazuia maji."

Nikasogea. Na hapo ndipo alipoanza. Kicheko kilimtoka kidogo kidogo, akajizuia, kikampasuka, mpaka akakaa chini kwenye tope na kanga yake, karibu yangu, analia machozi. Tangu mlima uporomoke sijamsikia Mama Upendo akicheka. Maji yakawa yanapita katikati yetu. Akachukua jani moja la tangawizi akalipitisha kwenye vidole, lile la njano kwenye ncha, akaligeuza, akaangalia huku chini shinani. "Hili bado zima," akasema. Akashika lingine. "Na hili." Nikahesabu tangawizi pamoja naye, jamani, mimi na suti yangu, tunatambaa kwenye tope, hili zima, na hili zima. Machache tu ndiyo yametangulia.

"Sasa watu wote hawa tutawalisha nini?" nikamwuliza, maana aliyeitisha pembe ndiye anayelisha.

"Makande yako jikoni tangu asubuhi. Nilisikia pembe linakoroma kama mbuzi mwenye mafua, nikajua ni wewe. Nikasema, vyovyote itakavyokuwa, watu watahitaji kula."

Watu wakaanza kuteremka wakifuata mfereji, wamechoka, wamefurahi, wameshika majembe machafu. Baba Mkubwa alitangulia na kiatu changu mkononi, amekibeba kama silaha aliyoteka. Kijana mmoja akampigia saluti kwa utani, naye akaijibu kwa dhati kabisa, basi kila aliyepita baada ya hapo akapiga ya kwake, na hao wa baadaye hawakuwa wanatania tena. Hata Halima alisimama akapiga. Mzee alijibu zote, moja moja.

Nami, ndugu zangu, kwa kichwa hiki hiki kilichotoka kuoshwa, bado nilikuwa na imani! Nikajifuta uso nikamwambia Halima, "Maji yamefika, sawa. Ila fungu la Baba Mkubwa tusiliache lipotee. La mlipakodi mimi naweza kulisamehe."

Halima akapanda kwenye jiwe lililoko kwenye kona ya shamba letu, pale ambapo mtandao unashika ukiinua mkono kidogo. Akaitoa simu yangu mfukoni, kavu kabisa, salama kuliko mwenyewe. Akainua mkono. Akasubiri. Akasoma, midomo inacheza. Watu wakasogea, sahani za makande mkononi. Akasoma mpaka mwisho, hata yale maneno niliyokuwa nimeyaruka kwa heshima. Akashuka, akanirudishia simu kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia mtu mzima kitu chake.

"Baba Upendo, Kiingereza chako siyo kibaya. Serikali ipo, walipakodi wapo, wanajeshi wa zamani wapo, na malipo yapo. Ila hiyo ni serikali ya Marekani, na wenyewe walishalipwa zamani."